Programu huria ya kupokelea korosho: tufuatilie hitilafu kwa mfumo gani? WhatsApp imetushinda

MtotoWaMikindani (mleta uzi)

Wakuu, habari za mihangaiko.

Sisi ni kikundi kidogo cha watengenezaji programu, wengi tupo Mtwara mjini, mmoja Masasi, wengine Lindi. Tunatengeneza programu ya simu kwa ajili ya makarani wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika) wakati wa kupokea korosho. Karani anaingiza jina la mkulima, magunia, uzito na daraja. Simu inatoa stakabadhi, na jioni inajumlisha mzigo wa kupeleka ghala kuu. Inafanya kazi bila mtandao, mtandao ukirudi inatuma yenyewe. Msimbo (maandishi ya programu yenyewe) uko wazi GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, kwa leseni ya GPL, anayetaka achukue, abadilishe, agawe. Hakuna anayelipwa hata mia.

Kinachotuumiza ni taarifa za hitilafu. Zote zinaingia kwenye kundi la WhatsApp. Minada ikianza Oktoba, kundi linachemka. Karani anatuma sauti ndefu, nyuma yake unasikia wakulima wanagombania foleni, na neno pekee unaloambulia ni "imegoma tena". Imegoma wapi? Kabla hajajibu, mwingine anaandika "hata kwangu". Kisha linapita tangazo la msiba, bei ya mnada wa Tandahimba, picha za harusi. Ukija kuitafuta ile sauti baada ya wiki, huipati. Hitilafu moja inaripotiwa kama vitu vitano, na vitu viwili tofauti vinahesabiwa kuwa kimoja kwa sababu wote wameandika "imegoma".

Mfano mmoja muone ukubwa wa jambo. Kuna simu ambazo, kutegemea lugha iliyowekwa, kibodi ya namba inatoa mkato badala ya nukta. Programu ilikuwa inautupa ule mkato, kwa hiyo kilo 78,5 inasomeka 785. Kwenye kundi ililetwa kwa maneno "mizani inadanganya", watu wakaanza kubishana kuhusu mizani, ikawa mjadala wa unyaufu na kangomba (ulanguzi wa korosho).

Nimesoma kuhusu mifumo ya kufuatilia hitilafu: Bugzilla, MantisBT, Redmine, GitLab, Jira, na hiyo Issues ya GitHub. Kila moja ina mashabiki wake. Masharti yetu: iwe bure au karibu na bure, isimlazimishe mtu kukesha analinda seva, na siku tukitaka kuondoka tuondoke na data zetu. Mliowahi kuendesha mradi huria, mnasemaje?

Kigoda

Naweka kigoda hapa. Waje wenye fani.

NgapaTech

Mkuu unajichosha bure. Msimbo uko GitHub, sehemu ya Issues ipo hapohapo, iwashe. Faida yake ni kwamba tiketi (kumbukumbu yenye namba ya kila hitilafu) na msimbo vinakaa pamoja. Ukiandika "Fixes #42" kwenye maelezo ya mabadiliko, siku yakiingia tawi kuu (msimbo rasmi wa mradi) tiketi namba 42 inajifunga yenyewe. Na miaka mitatu baadaye mtu akijiuliza kwa nini mstari fulani uliandikwa vile, anafuata namba, anakuta mjadala wote.

Na usidhani ni ya miradi midogo. LLVM, mradi mkubwa wa vyombo vya kutengenezea programu, walihama kutoka Bugzilla kwenda huko mwishoni mwa 2021. Python walikuwa na mfumo wao, bugs.python.org, uliojengwa juu ya Roundup, nao wakahamia GitHub Aprili 2022. Kama wale wameuona mzigo wa kuendesha mfumo wao, sisi wa Ng'apa na Shangani ni nani?

MzeeSeva

Vijana, salaam kutoka Lindi.

Kabla hamjawasha hiyo Issues, mjue mnajenga kwenye kiwanja cha mtu. GitHub yenyewe sio programu huria. Microsoft waliinunua 2018 kwa dola bilioni 7.5, na mpaka leo wameitunza vizuri, sina ugomvi nao. Ila mimi nimeona viwanja vikichukuliwa. Google Code ilikuwa na miradi huria mingi sana. Machi 2015 wakatangaza wanafunga, Januari 2016 ikafungwa kweli. Hata Linux iliwahi kutunzwa ndani ya BitKeeper, programu ya kampuni iliyotolewa bure kwa masharti. 2005 ile ruhusa ya bure ikaondolewa, na hapo ndipo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaandika Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo. Julai 2019 watengenezaji wa Iran, Syria na Crimea waliamka wakakuta huduma za GitHub zimebanwa kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Iran walifunguliwa Januari 2021, baada ya kampuni kupata kibali. Hao watengenezaji hawakuwa wamemkosea mtu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui mpaka liwakute. Ukifanya git clone (amri ya kunakili mradi) unapata msimbo na historia yake yote. Tiketi huzipati. Mijadala, picha, maamuzi ya kwa nini hiki kilikataliwa, vyote vinabaki kwenye hifadhidata ya mwenye kiwanja.

Bugzilla ndiyo mkongwe, ilitoka Mozilla 1998, imeandikwa kwa Perl, na fomu yake ina visanduku vya kumtisha karani yeyote. Redmine ni nzuri, ina hata ratiba na wiki, ila kuisimamisha Ruby na kuisasisha kunataka moyo. Kwenu ningeweka MantisBT. Ni PHP na MySQL, inakaa hata kwenye upangishaji wa bei ya chini kabisa, ipo tangu 2000, na tiketi zinaweza kuwekwa za faragha. Hifadhidata ni yenu, mnainakili kila usiku, mnalala.

DadaMsimbo

Shikamoo mzee. Historia yote naikubali, nabishana na dawa.

Kusimika MantisBT ni kazi ya jioni moja. Baada ya jioni hiyo, nani anaweka masasisho ya usalama? Nani anafuta akaunti za barua taka? Maana ukiacha usajili wazi, roboti watajisajili kabla ya karani wa kwanza. Seva ya kukodi inalipiwa kwa dola, kwa kadi ya mtu mmoja. Huyo mtu akipata ajira Dodoma na kadi ikaisha muda, mfumo unazimika katikati ya msimu. Na mkiweka kompyuta chumbani kwa mmoja wenu Ligula ndio iwe seva, nadhani wote tunajua umeme wetu ulivyo. Nimeona miradi ya kujitolea ikifa kwa sababu nguvu zote ziliishia kwenye kutunza vyombo.

Kuhusu kufungiwa, mlango wa kutokea upo. Forgejo, programu huria ya kuendesha huduma kama GitHub, iliyotokana na Gitea mwishoni mwa 2022 na ambayo ndiyo inayoendesha tovuti ya Codeberg ya kule Berlin, inaweza kuhamisha mradi mzima kutoka GitHub: msimbo, tiketi, maoni, lebo, hata hatua za matoleo. Forgejo ni faili moja la programu na inaridhika na SQLite (hifadhidata ndogo), haitaki mashine kubwa kama GitLab. Siku ya siku mnahama.

Na NgapaTech, hilo la tiketi na msimbo kukaa pamoja ni zuri lakini sio lazima. Miradi mikubwa inatenganisha: Django msimbo wao uko GitHub na tiketi ziko kwenye Trac yao. KDE walihamishia msimbo GitLab 2020, hitilafu wakaziacha Bugzilla. Hawajafa.

Sasa niulize ambalo hakuna aliyeuliza. Mnachagua mfumo kwa kumtazama mtengenezaji. Je, tiketi ataandika nani? Mleta uzi kasema wenye taarifa ni makarani. Wangapi kati yao wana akaunti ya GitHub?

KaraniNewala

Jamani mimi ndiye karani mnayenizungumzia, mmoja wao. Nimeletewa kiungo cha uzi huu nikasema niingie.

Sitafungua akaunti. Niseme ukweli nisiwapotezee muda. Barua pepe ninayo, alinifungulia kijana wa duka la simu, nywila anayo yeye au hayupo nayo, sijui. Hizo kurasa mnazosema hazina Kiswahili. Na hata zingekuwa nacho, programu inapogoma mimi nina mkulima kasimama mbele yangu, magunia yake yako juu ya mizani, nyuma yake foleni mpaka barabarani, na lori la kwenda ghalani linataka kuondoka kabla ya jua kuzama. Nafasi niliyonayo ni ya kubonyeza sauti nikasema neno moja. Wakati mwingine napiga picha ya skrini. Kijijini kwetu bando la WhatsApp linapita hata mtandao ukiwa dhaifu, hizo kurasa nyingine zinazunguka tu.

Kingine, kaka zangu, mnatuuliza "imegoma wapi". Sisi hatujui majina ya hizo sehemu. Mtu aniulize: ulikuwa unafanya nini, ukabonyeza nini, ukaona nini. Hayo nitajibu usiku nikishafunga hesabu.

NgapaTech

Karani kapiga msumari. Hiyo picha ya skrini inatusaidia sana, basi tukubaliane: yeyote kati yetu akiona picha kwenye kundi, anaipandisha kwenye tiketi moja kwa moja.

DadaMsimbo

Hapana! Hapo hapo simama.

Skrini ya hiyo programu ina nini? Jina la mkulima, namba ya simu, namba ya akaunti ya benki anayolipiwa, kilo zake. Mradi ni wa wazi, tiketi ni za wazi, anayetafuta kwenye intaneti anazipata. Umemwanika mzee wa watu na hela zake za msimu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Lakini hata sheria isingekuwepo, jirani akijua nani kapokea milioni ngapi, matapeli wa simu nao watajua.

Na usiseme utafuta baadaye. Kwenye GitHub ukihariri maoni, historia ya uhariri inaonekana na kila anayeweza kusoma tiketi, mpaka mtu aende kuifuta toleo kwa toleo. Picha iliyopandishwa kwenye mradi wa wazi ina kiungo chake, na mwenye kiungo anaifungua bila hata kuingia kwenye akaunti. Kinga ni kutokuipandisha.

Kwa hiyo mfumo wowote mtakaouchagua, uulizeni: taarifa ghafi inatua wapi? GitLab wana tiketi za siri ndani ya mradi wa wazi, na wana dawati la huduma ambapo mradi unapewa anwani ya barua pepe. Barua ikifika inageuka tiketi, na kwa kawaida inaanza ikiwa ya siri. MantisBT nayo ina faragha kama mzee alivyosema, na Redmine pia. Bugzilla ina makundi, Mozilla wanaitumia hivyo kuficha hitilafu za usalama mpaka zitengenezwe. GitHub haina tiketi ya siri ndani ya mradi wa wazi. Ina njia ya faragha ya kuripoti udhaifu wa usalama, basi. Njia ya kuzunguka ni kufungua hifadhi ya pili (mradi mwingine pembeni) iliyofungwa, ni bure, mkaweka taarifa ghafi huko. Ila mjue GitHub haikuruhusu kuhamisha tiketi kutoka hifadhi iliyofungwa kwenda ya wazi. Lazima mtu akae aiandike upya.

Kwa maoni yangu hilo la kuandika upya ni zuri, sio kero.

Tandahimba1

Samahani kwa kuingilia. Mbona hakuna anayeongelea Jira? Kazini kwetu wanaitumia, na DHIS2, mfumo wa takwimu za afya wa Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Wizara ya Afya inautumia, nao hitilafu zao wanazifuatilia kwenye Jira.

NgapaTech

Mkuu Jira sio mbaya, na Apache pia wana miradi mingi kwenye Jira. Ila wale wana watu wa kuitunza. Zamani ungeweza kununua leseni ya kuiweka kwenye seva yako mwenyewe kwa bei ya timu ndogo. Atlassian walisitisha msaada wa matoleo hayo ya Server Februari 2024, ikabaki wingu lao au toleo la makampuni makubwa. Halafu ifungue kwa simu ukiwa Nanyamba uone bando linavyoyeyuka. Kwa watu tusiofika kumi ni kujitafutia msamiati mpya bure.

MzeeSeva

Marahaba binti. Umenirudisha darasani kwenye hilo la picha, nakuunga mkono.

Naona mnazunguka jambo ambalo Debian, mradi wa mfumo endeshi wa Linux, walilimaliza 1994. Mfumo wao hauna fomu. Unatuma barua pepe, mistari ya kwanza unaandika jina la kifurushi na toleo, chini unaeleza. Mfumo unakujibu na namba, na kuanzia hapo mjadala wote ni barua kwa anwani yenye namba hiyo. Kufunga nako ni barua. Mpaka leo unafanya kazi. Faida yake kwa watu wa mitandao ya kuokoteza kama sisi: barua unaiandika bila mtandao, mtandao ukija inaondoka. Hasara, kila kitu ni cha wazi, na karani kasema barua pepe yake hata nywila hajui iko wapi.

Ipo na Fossil, mfumo wa kutunza msimbo, wa Richard Hipp aliyetengeneza SQLite. Msimbo, tiketi na wiki vyote vimo kwenye faili moja la hifadhidata. Ukinakili mradi unanakili na tiketi zake, unafunga na kufungua tiketi ukiwa hata Kilwa Kisiwani bila mtandao, ukirudi vinalandanishwa. Mnakumbuka Mei 2024? Mwanzoni mwa mwezi Kimbunga Hidaya, barabara ya Somanga ikakatika, na tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, nchi nzima intaneti ikawa ya kubahatisha. Mwenye Fossil aliendelea na kazi.

Sisemi muihamie. Vijana wote wanajua Git, ukiwaletea Fossil watakukimbia. Nasema tu muione ili mjue mnachokikosa mkiwa kwenye wingu.

MtotoWaMikindani

Shikamoo mzee, asanteni wote. Jana usiku tumekaa kwa simu na wenzangu, mambo yamefika hapa.

Msimbo unabaki GitHub na Issues tunaiwasha. Sababu kubwa ni kwamba wachangiaji wetu wa nje ya mkoa wapo huko tayari na hatuna mtu wa seva. DadaMsimbo najua roho yako iko GitLab, na hilo dawati la barua pepe lilitutamanisha, lakini mlango wetu wa kuingilia ni WhatsApp, na huko karani hatoki.

Kwa hiyo tunaweka mtu katikati. Kila wiki ya msimu mmoja wetu ana zamu ya kuwa karani wa tiketi. Yeye ndiye anayesikiliza sauti, anauliza yale maswali matatu ya KaraniNewala, anaandika taarifa ghafi kwenye hifadhi iliyofungwa, akishaielewa anaiandika upya kwa usafi kwenye ile ya wazi. Picha ya skrini haivuki kabisa. Ikihitajika picha, anaitengeneza upya kwenye simu yake kwa mkulima wa kubuni.

Nimejaribu na ile ya mkato. Ilivyokuja kwenye kundi: "Mizani inadanganya jamani, kilo zimekuwa nyingi hatari." Ilivyo sasa:

Kichwa: Uzito wenye mkato unasomeka bila desimali
Toleo: lililopo sasa
Simu: Android 8, lugha ya simu Kifaransa
Hatua: fungua Pokea Mzigo, andika 78,5 kwenye uzito, bonyeza Hifadhi
Kilichotarajiwa: kilo 78.5
Kilichotokea: kilo 785, stakabadhi imetoka bila onyo
Inatokea: kila mara

(Simu ya Kifaransa Newala imefikaje ni hadithi nyingine, nadhani ilitoka ng'ambo ya Ruvuma kupitia mikono mingi.)

Mtu wa Arusha ambaye hajawahi kuona gunia la korosho ameisoma, akairudia kwenye simu yake, akatuma marekebisho. Pamoja na hayo ameuliza kwa nini programu inakubali gunia la kilo 785 bila kushtuka, tukafungua tiketi ya pili ya kuweka onyo uzito ukipita kiasi.

Lugha: maelezo ni Kiswahili au Kiingereza, mwandishi achague. Asiyeelewa aulize.

KaraniNewala

Nashukuru. Ila nina ombi, na wenzangu wa AMCOS nyingine watakubaliana nami. Mkishatengeneza, mtuambie. Tatizo la siku zote sio kwamba hamtengenezi, ni kwamba hatujui kama mmetengeneza. Mtu anaendelea kuandika kwenye daftari miezi miwili kwa kitu ambacho mlishakirekebisha, kwa sababu hajui kuna toleo jipya. Aliyeripoti aambiwe yeye binafsi, kwa WhatsApp, kwa maneno ya kawaida: "lile la mkato limeisha, pakua toleo fulani." Na mseme ukubwa wa kupakua ni kiasi gani, nipange bando.

DadaMsimbo

Hilo la karani liandikwe kabisa kwenye utaratibu: tiketi haifungwi mpaka toleo limetoka na aliyeripoti kaambiwa. GitHub itataka kuifunga mapema, yale maneno ya "Fixes" yanaifunga msimbo unapoingia tawi kuu, wakati karani bado ana toleo la zamani mfukoni. Tumieni "Refs #42" badala yake, haifungi chochote, au mkifungiwa mweke lebo ya "inasubiri toleo". NgapaTech utanisamehe.

Lebo zenyewe ziwe chache. Debian wana ngazi saba za uzito wa hitilafu, kuanzia zile za kuharibu mfumo mpaka maombi tu. Ninyi mnahitaji tatu: inazuia kupokea mzigo, inakosesha hesabu, inasumbua. Na ya pili isichukuliwe kuwa ndogo kuliko ya kwanza. Programu ikigoma kabisa karani anachukua daftari, kazi inaendelea. Ikikosea hesabu kimyakimya, mkulima analipwa pungufu na hakuna anayejua mpaka siku ya malipo, na hapo AMCOS inachomeka moto kwa maneno.

Msiweke roboti wa kufunga tiketi zilizokaa kimya. Najua ni mtindo. Korosho ni kazi ya msimu, tiketi ya Novemba itakaa kimya mpaka Oktoba nyingine na bado ni ya kweli.

NgapaTech

Nimekusamehe dada. Ila karani wa tiketi mwenyewe ataichukia zamu hiyo, nawaambia mapema. Kusikiliza sauti za watu waliochoka kila usiku ni kazi ngumu kuliko kuandika msimbo.

MtotoWaMikindani

Ndiyo maana ni zamu, na aliye zamu haruhusiwi kupewa kazi nyingine wiki hiyo.

MzeeSeva

Basi na mimi nipewe langu. Mmekataa seva yangu, sawa, ila nakala rudufu hamtaikataa. Kuna programu ya GitHub ya mstari wa amri, gh, inayoweza kutoa tiketi zote kwa muundo wa JSON (faili la maandishi). Angalizo kwa atakayejaribu mwenyewe: usipoiambia, inatoa tiketi 30 tu na zilizo wazi tu. Weka "--state all" na "--limit" kubwa, na utaje maoni kwenye orodha ya vitu vinavyotolewa, la sivyo utajikuta umehifadhi vichwa vya habari bila habari. Nitaiendesha kila Jumapili kwenye mashine yangu hapa Lindi.

Na hiyo Forgejo aliyoisema binti nitaisimamisha nyumbani, si ya watu kutumia. Kila baada ya miezi kadhaa nitahamishia mradi mzima humo nione kama kweli tiketi zinafika na maoni yake. Mjue uhamishaji huo ni wa mara moja kila unapoufanya. Ukiweka kioo (nakala) cha kujisasisha chenyewe, kinafuata msimbo tu, tiketi hakizifuati. Ile hifadhi yenu iliyofungwa siigusi, hiyo ina majina ya watu. Hizo taarifa ghafi mkishamaliza nazo zifuteni, msizirundike.

DadaMsimbo

Nakazia. Zifutwe msimu ukifungwa. Mleta uzi andika hilo kwenye faili la maelekezo ya wachangiaji, lisiwe la mdomo.

MwanafunziShangani

Habari zenu wakubwa. Mimi nasoma uhasibu hapa Mtwara, msimbo sijui kabisa. Nina simu mbili, moja ya zamani sana, Android 8, kioo kimepasuka lakini inawaka. Mtu kama mimi anaweza kusaidia chochote au hii ni ya wataalamu tu?

MtotoWaMikindani

Mdogo wangu, wewe ndiye tunayekutafuta. Makarani wengi wana simu kama hiyo ya kwako na sisi wote tunajaribia kwenye simu mpya. Kazi yako: toleo la majaribio likitoka, unapakua kwenye zote mbili, unapitia hatua zilizoandikwa kwenye kila tiketi iliyotengenezwa, unasema inatokea bado au haitokei. Halafu kwa kuwa unasoma uhasibu, zile zenye lebo ya "inakosesha hesabu" ukazisome kwa jicho lako, maana jumla za stakabadhi na jumla ya ghala zinapishana mahali fulani na hakuna kati yetu anayekumbuka vizuri mambo ya kukadiria desimali. Njoo inbox nikupe kiungo, na uniambie hiyo ya zamani ina nafasi kiasi gani, programu inataka angalau MB 60.